Kankuben Anaposa Mashine

Nyumbani kwa Kankuben, Jumapili haikuanza jua lilipochomoza. Ilianza karai lilipopanda jikoni, samli ikanguruma, na harufu ya unga wa dengu ikashuka ngazi za ghorofa mpaka kwa bawabu. Bawabu akiisikia harufu ile alifungua geti kabisa, hakungoja honi. Wana wakaja, wakwe wakaja, wajukuu wakaja, na wale ndugu ambao hakuna aliyekumbuka vizuri wanahusianaje nao wakaja. Wengine walivuka mto kutoka upande wa pili wa Ahmedabad, na foleni ya darajani haikuwazuia. Walikaa chini sebuleni mistari miwili, wakala, wakasengenyana, wakala tena. Jua likizama kila kitu kimekwisha, maana nyumba ile ilikuwa ya Wajaini, watu ambao dini yao inawakataza kudhuru kiumbe chochote, na baada ya magharibi hawakutia kitu kinywani.

Sasa Jumapili hiyo ilikuwa hatarini, na aliyeitia hatarini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Hetal, mkaza mwana wa Kankuben, mke wa Mukul.

Mambo yalianza pale Rukhi, aliyewaoshea vyombo miaka nenda miaka rudi, aliporudi kijijini kwao kulea wajukuu. Waliokuja baada yake walikuwa wepesi wa miguu. Kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi kazi safi kabisa. Jumapili mtu akiliona sinki tu, anakumbuka ana shangazi mgonjwa. Mmoja alimkumbuka shangazi yule yule mara mbili, na mara ya pili alikuwa amekwisha kumzika. Basi vyombo vikamwangukia Hetal, ambaye wiki nzima anashinda ofisini kwenye mambo ya bima, na Jumapili, wenzake wakiwa bado wanalamba vidole, yeye ndiye wa kwanza kuinuka.

"Mama," alisema siku moja, mikono iko ndani ya sinki hadi viwiko, "mimi nakupenda."

Kankuben akajua kuna jambo. Mkaza mwana haamki tu akakwambia hivyo.

"Sema, mwanangu."

"Karai lako ndilo silipendi."

Karai lenyewe lilikuwa kando, jeusi, tumbo kubwa. Ndani yake kila Jumapili ilipikwa halua ya unga wa dengu, samli na sukari, na chini ya halua ulibaki ukoko uliogandamana na chuma utadhani umechomelewa. Watoto waliupigania ule wa juu. Ule wa chini aliachiwa Hetal na kijiko chake cha kukwangulia.

"Nasikia sasa kuna mashine za kuosha vyombo zenye akili," Hetal akaendelea. "Ikipatikana moja ya kuliosha hili bila mimi kuligusa, Jumapili iendelee mpaka wajukuu wako nao wapate wajukuu. Isipopatikana, baada ya Diwali tutakuwa tunakula hotelini. Watu wanakula, wanafuta mdomo, wanaondoka."

Hakulisema kwa hasira, na hapo ndipo Kankuben aliposhikwa na hofu. Hetal mwenye hasira alikuwa anamweza, unamchekesha, yamekwisha. Hetal aliyechoka angemchekesha na nini?

"Nitaosha mwenyewe."

Hetal akajifuta mkono, akaushika wa mama mkwe wake na kuugeuza. Vidole vilikuwa vimepinda kila kimoja njia yake, kama ndugu waliogombea kiwanja.

"Kwa hivi?"

"Hivi vinakanda unga wa puri za watu wote wale."

"Ndiyo maana, Mama."

Kankuben aliwahi kwenda hotelini mara moja, siku ya kuzaliwa ya Mukul. Kila mtu alikaa anaitazama simu yake kama vile ndiyo iliyomwalika. Na mbaya zaidi, mhudumu alimnyakulia sahani kabla hajaimwagia maji. Kwake yeye chakula hakijaisha mpaka umetia maji kidogo kwenye sahani, umezungusha kidole pande zote, na maji hayo umeyanywa, pasibaki hata punje ya kuozea hapo na kuzaa viumbe watakaokuja kufa bure sinkini. Alivyolelewa na mama yake ndivyo alivyolea ukoo mzima. Mhudumu aliondoka na sahani ina mchuzi, na Kankuben hakulala vizuri usiku ule.

Kwa hiyo alipomwambia Mukul atafute mashine, hakuwa anatania. Mukul akaingia kwenye simu wiki nzima, anasoma sifa za mashine huku midomo inacheza. Mama yake alipomwona hivyo akakumbuka siku alizokuwa yeye mwenyewe anasoma sifa za wasichana ili amwoze.

"Haya, wamebaki wangapi?" akamuuliza.

"Wawili. Mjerumani na Mkorea. Wote ni wa daraja la juu kabisa, Mama."

"Kila mwari anayeletwa kwa posa ni wa daraja la juu. Sema wanajua nini."

"Mjerumani ana trei tatu. Ile ya juu ni ya vijiko tu, kila kijiko kinalala peke yake."

"Kama hospitali."

"Anakausha kwa mawe. Kuna mawe humo ndani yananyonya unyevu na kurudisha joto. Na hana sauti kabisa. Akiwa kazini anamulika taa nyekundu sakafuni, ujue hajalala."

"Na huyo mwingine?"

"Mkorea anatoa mvuke. Mabomba yake ya kurushia maji yanazunguka huku na huku, hayaachi pembe. Trei zake unazikunja upendavyo. Akimaliza anajifungulia mlango mwenyewe joto litoke, halafu anakutumia ujumbe kwenye simu kwamba amemaliza."

"Mimi nimezaa watoto watatu, hakuna hata mmoja anayenitumia ujumbe kwamba amemaliza."

Mukul akajifanya hakusikia. "Wote wanatumia sabuni ya kidonge. Na chumvi."

"Chumvi."

"Maji yetu ya kisima yana chokaa. Chumvi inayalainisha, vyombo visitoke na madoa meupe."

"Kwa hiyo anaosha au anapika?"

Hapo akacheka peke yake, kisha akauliza swali ambalo kwake halikuwa la mzaha. Maisha yake yote alifunga kitambaa mdomoni mwa bomba, maji yachujwe kwanza, asije akachemsha kiumbe asiyemjua.

"Maji wanayachuja?"

"Wote wawili wana chujio chini. Unalitoa, unalisuuza, unalirudisha."

"Basi wamefundwa," akasema Kankuben. "Twendeni tukawaone."

Duka lilikuwa la bwana mmoja aitwaye Nirajbhai, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima. Kwenye kioo alikuwa amebandika tangazo: LETA VYOMBO VYAKO VICHAFU, UONE MWENYEWE. Nia yake ilikuwa sahani mbili tatu. Lakini kwa Kankuben chombo kichafu hakisafirishwi kupita katikati ya mji, mabaki yakikaa na kuchacha njiani. Akalifikiri jambo hilo Ijumaa, akalifikiri Jumamosi, akaona njia ni moja. Vyombo vitachafukia dukani.

Jumapili magari yakasimama mbele ya duka la Nirajbhai, yakateremsha mikeka, vikapu, madumu ya maji, ukoo mzima, na sufuria zilizofunikwa vizuri zinafuka mvuke pembeni. Nirajbhai alitoka mlangoni akafikiri kuna arusi imepotea njia.

"Bibi, mmekuja kununua au kuhamia?"

"Inategemea na wari wako, mwanangu. Tandikeni hapo kwenye zulia, wajukuu. Msizibe friji za watu."

Nyuma ya wote aliteremka Champaben, mama yake Hetal. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadi. Hawa wawili walianza kutukanana siku ya arusi ya watoto wao, kama ilivyo ada, upande wa bibi arusi ukiuimbia upande wa bwana arusi nyimbo za kejeli. Champaben aliimba kwamba pua ya Kankuben ilifika ukumbini kwanza, mwenyewe akafuata kwa gari la pili. Arusi ikaisha, wao hawakuacha. Na jingine la kujua juu ya Champaben ni kwamba kwake alikuwa na mashine tayari, Mjerumani wa toleo la nyuma kidogo, na kila mgeni alionyeshwa kabla ya kukaribishwa maji.

"Mkwe," akamwambia Kankuben, "nimekuja kushuhudia. Mjerumani ndiye mashine. Lakini kwa karai lako hilo, nakwambia ataomba talaka."

"Wewe kaa hapo, usimtishe mtoto wa watu."

Watu wakala. Kulikuwa na puri za kukaangwa, dali ya dengu iliyotiwa utamu wa sukari guru, mchuzi wa mtindi, wali, mboga za bamia, achari ya ndimu, na halua. Nirajbhai alikataa mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili akakaa chini, mara ya tatu akaomba achari.

Katika zogo hilo Kankuben akatekeleza mpango wake. Maana mpango alikuwa nao, na alikuwa ameupika tangu asubuhi pamoja na halua. Siku ya kumtazama mwari, alijiambia, hapewi gogo apasue. Hawa wari wakirundikiwa mzigo wote, watashindwa, na wakishindwa Jumapili imekwenda. Karai hakuweza kulikwepa, Hetal alikuwa amelikazia macho. Lakini hayo mengine? Kila sufuria ilipomalizwa aliikokota taratibu kwa mguu, akaitia kikapuni, akafunika kwa kitambaa. Ya dali, ya mchuzi wa mtindi uliokatika pembeni, ya wali, ya mboga, na kile kisufuria cha kuungia viungo kilichokuwa cheusi kama dhambi. Kisha akapita mstarini akiwanong'oneza watu: "Kunyweni sahani zenu vizuri leo. Zungusheni kidole mara mbili. Msinitie aibu."

Watu wakanywa sahani zao mpaka zikang'aa.

"Masharti yangu," akasema Hetal, akiwa amesimama mbele ya mashine mbili zilizokaa bega kwa bega, "ni kitufe kimoja. Kile cha kujipimia yenyewe. Nisije nikaambiwa leo bonyeza hiki, kesho kile. Kukumbuka vitufe nako ni kazi."

"Sawa kabisa, dada," akasema Nirajbhai. "Hawa ndio sifa yao."

Makarai yalikuwa mawili, pacha, Kankuben alikuja nayo alipoolewa. Moja likaingia kwa Mjerumani, moja kwa Mkorea, sahani na vibakuli vikagawanywa nusu kwa nusu. Kwa Mjerumani vijiko vikalazwa kitandani. Milango ikafungwa, vitufe vikabonyezwa. Vioo vidogo vikaonyesha muda mrefu, na watu wakajilaza kwenye mikeka kungoja.

Hawakungoja sana. Maji yalizunguka kidogo tu, mara muda kwenye vioo ukaporomoka. Nirajbhai akakunja uso. Mkorea akapiga wimbo mfupi kama wa kinanda, akafungua mdomo, mvuke ukatoka. Simu ya Mukul, aliyokuwa ameunganishiwa na Nirajbhai, ikalia: amemaliza. Taa nyekundu ya Mjerumani nayo ikazimika.

Sahani zilitoka zinang'aa, hata Champaben akaigeuza moja mbele na nyuma. Makarai yakatolewa mwisho. Ukoko ulikuwa palepale, umetulia, kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani.

Hetal akapitisha ukucha kwenye moja, akapitisha kwenye la pili.

"Basi," akasema. Akalirudisha karai mezani taratibu. "Nilitaka nishindwe mimi, Mama. Kweli kabisa. Nilikuwa nimekwisha anza kufikiri nitakuwa nakaa upande gani, nikila na wenzangu."

"Kwa hiyo tutakula piza?" akauliza mjukuu mmoja, akafinywa na mama yake.

Kankuben alijisikia kama mtu aliyekata kamba ya ndoo yake mwenyewe bila kujua ni kwa vipi. Aliwarahisishia kazi kiasi kile, na bado.

Nirajbhai alikuwa anazitazama mashine zake kwa uchungu wa baba. Akainama, akachungulia, akainuka. Macho yake yakaangukia kwa mjomba mmoja mzee aliyechelewa kula, ambaye wakati ule ndiyo kwanza alikuwa anamwaga maji kwenye sahani, anazungusha kidole, anakunywa. Nirajbhai hakuwa Mjaini, lakini alizaliwa mji ule ule na mambo haya aliyaona tangu utotoni. Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Wote mmekunywa sahani?"

"Sisi si washenzi," akasema mjomba.

"Ndiyo, mjomba, naheshimu. Lakini sikilizeni. Hizi mashine zina kijicho, si cha husuda, cha kuonea. Zikianza, zinayatazama maji kwanza. Maji yakiwa machafu zinajua leo kuna kazi: zinapandisha moto, zinakaza maji, zinakaa muda wote unaotakiwa. Maji yakiwa safi zinasema hapa hakuna kitu, zinapitisha juu juu, zinakwenda zao. Nyinyi mmeziletea vyombo safi kuliko vya duka."

"Na karai?" akauliza Hetal. "Karai ni safi?"

"Ukoko umeshika chuma, dada, haukuyeyuka ukachafua maji. Kijicho kitauonaje? Ungewekwa pamoja na masufuria yenye mchuzi, yakachafua maji, mashine zingeamka." Akatazama huku na huku. "Kwani masufuria yako wapi? Chakula chote hiki kimepikwa kwenye makarai mawili?"

Kankuben akaanza kupanga pindo la sari yake, ambalo lilikuwa limepangika.

"Nirajbhai," ikaja sauti ya Champaben kutoka kwenye kiti alichokuwa amejimwagia, "hapa dukani mnauza mchuzi wa mtindi?"

"Hapana, mama."

"Ajabu. Hiki kikapu kilicho miguuni mwangu kinanukia mchuzi wa mtindi. Labda ni pua yangu. Pua ndefu ni ya mkwe wangu, tumuulize yeye."

Watu wote wakamgeukia Kankuben. Akafikiri haraka. Akinyamaza, vikapu vitarudi nyumbani, na Jumapili itabaki hapa hapa dukani. Akifunua, Hetal ataona mambo mawili kwa mpigo: kwamba alidanganywa, na kwamba nyuma ya karai kulikuwa na jeshi. Akamtazama mkaza mwana wake aliyesimama na ukucha wenye ukoko. Akaenda, akafunua kitambaa.

"Mama," akasema Hetal. "Hizi ni nini?"

"Sufuria."

"Naona ni sufuria. Zilikuwa zinafanya nini humo?"

"Zimepumzika kidogo."

"Ulizificha nisizione?"

"Nilizificha hawa wasizione," akasema Kankuben, akizielekezea mashine kidevu. "Niliogopa watakumbuka shangazi."

Hetal alijaribu kukaza uso. Ulishika kwa muda, kisha ukaachia pembeni, kisha ukaachia wote. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, na katika Jumapili zote za karibuni hakuna aliyekumbuka kumwona amekaa. Mukul akacheka kwa sababu mkewe kacheka. Champaben akacheka kwa sauti ya mnada, hata mtu mmoja aliyekuwa anapita nje akaingia kuuliza kama kuna punguzo la bei.

"Tia zote," akasema Hetal akipangusa macho. "Zote, Mama. Hata hicho kisufuria cha mkaa."

Zikaingia, na makarai na sahani tena. Hapo ndipo tofauti za wari zilipoanza kuonekana. Kwa Mkorea vijiti vya trei vililala chini kwa kidole kimoja, sufuria ya dali ikakaa kama iko kwao. Kwa Mjerumani trei ilionekana imetengenezwa kwa watu wanaokula kwenye sahani bapa. Ikabidi Nirajbhai ainyanyue trei ya kati juu, na hata hivyo kifuniko kimoja kilibaki nje. Champaben akadai kifuniko kile ndicho chenye makosa.

Kitufe kikabonyezwa. Maji yakazunguka. Safari hii vioo vikafikiri, na muda, badala ya kushuka, ukapanda. Nirajbhai akashika tumbo kwa furaha.

"Zimeonja," akasema.

Ikawa safari ndefu. Mkorea alivuma na kuguna kama mama anayefua huku akisimulia. Mjerumani hakutoa hata pumzi, ila ile nukta nyekundu sakafuni, na watoto walishindana kuikanyaga. Kankuben akatega sikio mlangoni kwake, akagonga kidogo.

"Umo?"

"Usimsumbue," akasema Champaben. "Huyo ni mstaarabu."

"Mimi mfanyakazi nisiyemsikia simwelewi. Huenda amejilaza."

Basi Champaben akaweka mikono kiunoni, akaanza kwa lahani ile ile ya arusini:

"Mkorea kelele nyingi, mdomo wazi wahema,
ukimaliza wapiga simu, nani kakuuliza?"

Kankuben naye hakuwa wa kungoja:

"Mjerumani kimya kimya, tumguse tuone,
pengine ameshakufa, taa wamemuwashia."

Wanawake wakajigawa pande mbili papo hapo, wakaitikia kwa makofi. Mteja aliyeingia kutafuta pasi alipewa puri na halua, akakaa upande wa Mkorea. Mwingine, aliyekuwa na mkewe, alitazama vioo vile kwa muda, akauliza maswali, na kabla nyimbo hazijaisha Nirajbhai alikuwa amemwandikia risiti ya mashine. Akarudi kuongeza achari.

Jua lilikuwa limeanza kuelemea upande wa mto, Mkorea alipopiga kinanda chake na kufungua mdomo, na punde si punde nukta nyekundu ikazimika. Watu wakaacha nyimbo, wakasogea.

Kankuben alitangulia. Alikuwa na vipimo vyake. Alipitisha kidole gumba kwenye sahani mpaka ikalia. Alinusa vibakuli kutafuta harufu ya sabuni. Vya Mkorea vilikuwa vikavu, ila kimoja kilichoinamia vibaya kilikuwa na tone kitakoni. Vya Mjerumani vilikuwa vikavu na vya moto kama vimetoka juani. Kisufuria cha viungo, lo, kilikuwa cha rangi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisahau.

Kisha karai. La Mkorea lilitoka limetakata ubavuni kote, ila chini katikati palibaki kivuli cha duara, kidogo, cha ukubwa wa kifungo cha shati. La Mjerumani Kankuben akalishika kwa mikono miwili, akalielekeza kwenye mwanga, akachungulia ndani. Akakiona kipini chake cha pua kinameta kule chini, na karibu yake jicho lake mwenyewe linamtazama.

"Nani huyu kizee?" akauliza.

Akampa Hetal. Hetal akapitisha ukucha, ukateleza bila kukwama. Akapitisha tena. Alilipeleka karai puani, akalikumbatia kidogo kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake, watu wakashangilia, na bwana wa pasi akashangilia pia japo alikuwa upande mwingine.

"Mkorea ana nafasi, na mkarimu," akasema Kankuben. "Angekuwa wa familia ya wali na dali ningemchukua bila kufikiri. Lakini sisi tuna karai. Karai limesema."

"Nilisema mimi kabla ya karai," akasema Champaben.

"Ndiyo, mkwe. Na kwa kuwa sasa mashine zetu ni ndugu, sikukuu ikifika nitakuletea sufuria zangu, dada mtu amsaidie mdogo wake."

Champaben akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arusi ile.

Mjerumani akaletwa nyumbani katikati ya wiki, akapokewa kama bibi arusi. Kankuben akamtia nukta ya rangi nyekundu kwenye paji la uso, juu ya kitufe, akamrushia punje za mchele, akapasua nazi mlangoni, na akakataza mtu yeyote asimwite mashine mpaka wiki iishe. Chumvi akamtilia kwa mkono wake. "Onja kama imekolea," akamwambia.

Jumapili ikaja. Karai likapanda, harufu ikashuka ngazi, bawabu akafungua geti. Watu wakakaa mistari miwili, Champaben akapewa pembe yenye upepo. Wakala, wakasengenyana, wakala tena. Vyombo vilipoanza kukusanywa, wajukuu ndio waliopanga trei, wakigombea ile ya vijiko, na Kankuben alisimama jikoni akisimamia. Sufuria ya mchuzi wa mtindi, mtindi umekatika pembeni, hakuisuuza. Akaiweka mbele kabisa, trei ya chini.

"Mama," Hetal akaita kutoka sebuleni, "hiyo sufuria mbona hujaimwagia maji?"

"Nimemwachia mwari kionjo. Asipoonja atajuaje ameolewa wapi?"

Akabonyeza kitufe. Nukta nyekundu ikatua sakafuni. Akarudi sebuleni kuona nani bado anakula.

Alikuwa Hetal peke yake. Amekunja miguu kati ya mama yake na mjomba, anazungumza kinywa kimejaa, kipande cha ukoko wa halua mkononi, na hakuna aliyekuwa akimharakisha. Alipomaliza, akamwaga maji kwenye sahani, akazungusha kidole pande zote, tena polepole, akanywa. Kisha akainyoosha sahani kwa mama mkwe wake.

"Niongeze halua kidogo."

"Umekwisha kunywa sahani, wewe. Chakula kimeisha."

"Jua bado liko, Mama."

Kankuben akachungulia dirishani, akaona kweli liko, akaenda kulifuata karai lingine, lile ambalo alikuwa amelificha chini ya kitambaa.